Milango Saba ya Yuliana

Jumatatu, tarehe 10 mwezi wa sita

Nimeamka saa kumi na mbili kasoro robo, kama kawaida. Ngazi kutoka mlangoni hadi bombani ni thelathini na nne. Leo thelathini na tatu. Mvua za mwezi uliopita zilichukua moja ya chini na sikuwa nimehesabu tangu kilio cha dada yangu. Maji yalitoka. Kahawa. Kurasa ishirini za kitabu juu ya mito. Vumbi la kiangazi limeanza kukaa kwenye majani ya parachichi la jirani.

Saa nne alikuja Deo, mtoto wa dada yangu Yuliana. Anafanya kazi ofisini, anavaa saa kubwa. Hakukaa. Kilio cha mama yake, matanga yenyewe, kitamalizwa Jumamosi tarehe 29, nyumbani kwa Deo, hapa hapa Nyalukemba. Misa asubuhi, kisha watu watakaa uani na historia ya marehemu itasomwa. Alisema: "Tonton, sasa hii hautakimbia. Weye njo mwalimu wa famille."

Nilisema nitafikiri kama nitaiandika. Yeye alisikia ndiyo.

Dada alizikwa bila historia. Kwetu jambo hilo halifanyiki. Hata mlevi wa sokoni husomewa yake kabla ya udongo: alizaliwa, alibatizwa, alioa, aliugua. Siku ya maziko nilisema koo linaniuma. Halikuwa linauma. Kisha mvua ikanyesha makaburini, watu wakakimbia, na Deo akawaambia wote kwamba ni mvua. Haikuwa mvua. Ilikuwa mimi.

Jumatano, tarehe 12

Nimekaa mezani kuanzia saa mbili hadi saa sita. Hakuna neno.

Sababu naijua. Niiandike mara moja, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu.

Miaka minane iliyopita nilisoma historia ya mke wangu, Maria. Kurasa kumi na moja. Nilianza na sufuria zake. Alikuwa na tatu, kila moja na kazi yake, na mtu aliyezijua sufuria zile alimjua Maria. Nilipofika ya pili, mtu alicheka. Safu ya pili, wa tatu kutoka kushoto, shati la kijani. Wengine wakafuata. Katekista alinishika kiwiko, akachukua karatasi mkononi mwangu kwa upole, akasema tuombe. Sikufika kwenye ubatizo wa Maria. Sikufika hata kwenye harusi.

Tangu siku ile naandika hapa tu.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwalimu wangu wa darasa la nne alisema kichwa changu ni soko la Jumamosi: vyote vimo, hakuna anayekipata anachokitafuta. Nilikuwa na miaka kumi. Baadaye nikawa mwalimu mimi mwenyewe, nikasoma vitabu vyote vya maktaba ya parokia kule kwetu Luberizi, vingine mara mbili. Maneno yale bado yapo. Hayakuondoka hata tulipoondoka sisi.

Ijumaa, tarehe 14

Furaha amenipikia sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Ni binti yangu, wa pekee. Anafundisha watoto ambao shule nyingine zimewarudisha nyumbani: wasiotazama watu usoni, wanaopanga vizibo vya chupa kwa rangi, wanaolia kengele ikipigwa.

Mwaka jana alirudi kutoka semina na karatasi ya maswali. Aliniuliza yote, hapa mezani, kana kwamba anacheza. Je, sauti nyingi kwa pamoja zinakuumiza? Je, unaona kwanza kitu kidogo, kisha kikubwa? Je, watu husema unasema mno, au husemi kabisa? Nilijibu. Aliweka kalamu chini.

"Papa, njo weye huyu."

Jina la hali hiyo ni la Kifaransa, otisme; Kiswahili cha vitabu husema usonji. Nilikuwa na miaka sabini. Nilidhani ningefurahi au ningekasirika. Nilimaliza chai. Kisha nikasoma kila kitu alichokuwa nacho juu ya jambo hilo, na nikaona ni kweli, kama mtu anavyoona jina lake limeandikwa vizuri mahali fulani.

Lakini jina la kitu halikuandikii ukurasa. Leo pia hakuna neno.

Jumapili, tarehe 16

Baada ya misa, chakula kwa Deo. Watu kumi na wanane katika sebule moja, televisheni imewashwa. Nilivumilia dakika ishirini. Zamani, kwenye kila sherehe, Yuliana aliniwekea kigoda nje, karibu na mlango. Hakueleza mtu. Wakiuliza alisema: "Anachungaka upepo." Nilikuwa nakaa pale, nasikia yote, sisongwi na yeyote. Leo nilisimama ukutani.

Deo alinipa karatasi. Ni historia ya mama wa mfanyakazi mwenzake, ili niifuate. Alizaliwa mahali fulani kwa fulani na fulani. Alisoma. Aliolewa. Alijaliwa watoto kadhaa. Alikuwa mama mwema, mwenye upendo, mpenda sala. Aliugua. Madaktari walijitahidi. Mungu amempenda zaidi.

"Ubadilishe tu majina, Tonton. Ukurasa moja. Batu hawasikilizake historia, banangojaka chakula."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa ananisaidia. Naamini alikumbuka sufuria.

Jumanne, tarehe 18

Nimebadilisha majina. Kazi ya saa moja. Nimeandika kwa mkono, herufi kubwa, ukurasa mmoja. Furaha ameipeleka kwenye kibanda cha kuchapa anachokitumia Deo. Watafanya vijitabu hamsini, na picha ya dada kwenye jalada.

Najisikia mwepesi. Sioni cha kujivunia humo. Hakuna pia atakayecheka.

Nimelala mchana, jambo ambalo silifanyi.

Jumamosi, tarehe 22

Baraza la familia kwa Deo. Tulikuwa kumi na wanne. Vijitabu vilikuwa mezani, vimefungwa kwa utepe wa zambarau. Katekista, yuleyule, alisoma kwa sauti ili sote tuhakikishe. Anasoma vizuri. Mama mkwe wa Deo alilia.

Alilia pale kwenye ushonaji.

Dada yangu hakushika sindano maisha yake yote. Vifungo vyake nilishona mimi. Nikadhani nimesikia vibaya, nikaomba kijitabu. Nusu ya kwanza ilikuwa yangu. Kuanzia katikati: alishonea kwaya sare kwa mikono yake, aliugua mguu, ameacha wajukuu kumi na saba. Yuliana aliugua kifua. Wajukuu wake ni tisa.

Anayechapa huchapa historia za mtaa mzima. Hufungua ya marehemu wa wiki iliyopita na kuandika ya huyu juu yake. Safari hii alifika nusu, akasahau, au umeme ulikatika. Dada yangu anaanza akiwa Yuliana na anaishia kuwa mama wa watu wengine.

Nilisema. Deo alitazama saa. Shangazi mmoja alisema: "Lakini iko muzuri." Katekista alisema kosa dogo halimzuii mtu kufika mbinguni. Nilirudia, sasa kwa sauti kubwa mno, najua, na nikaanza kutaja wajukuu kwa majina na siku zao za ubatizo. Walinitazama kama siku ile.

Watu kumi na watatu waliona ni sawa. Mimi peke yangu sikuona sawa. Maisha yangu yote hesabu hiyo imenishinda, nami nimezoea kuamini kwamba kumi na watatu ndio wanaosema kweli. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nililinganisha na karatasi yangu ya mkono, mstari kwa mstari, mara tatu. Sijakosea.

Jumapili, tarehe 23

Deo alikuja mwenyewe, bila saa. Alikuwa amekisoma kijitabu usiku. Alikuwa hajawahi kukisoma; alipokea picha kwenye simu akajibu sawa. Uso wake ulikuwa mbaya.

"Nilisikiliza maman wa mwingine, nikasema amina."

Nilimpa kahawa.

Kisha akasema angeweza kumrudia anayechapa, airekebishe ile nusu ya pili. Mama mwema, mwenye upendo, mpenda sala. Nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiri kabla ya kulisema: hata nusu yangu si ya Yuliana. Ni ya mama wa mwenzake wa kazini, na majina yetu juu. Mimi nilifanya kosa la yule kijana wa kibanda kabla yake, tena nikiwa macho.

Deo aliuliza: sasa? Nikasema nitaandika nyingine. Aliuliza itakuwa kama ile ya mama Maria? Nikasema ndiyo. Itakuwa kama ile.

Alimaliza kahawa. "Jumamosi iko karibu, Tonton." Alisema hivyo tu.

Jumatatu, tarehe 24

Nimeanza saa kumi na mbili na nusu.

Siwezi kuandika maisha kwa miaka. Miaka haishikiki kichwani mwangu. Mahali panashikika. Yuliana amepita milango saba iliyokuwa yake, kutoka Luberizi hadi hapa. Naiona yote. Wa kwanza ulikuwa wa matete na ulitazama mfereji wa mpunga. Ukiufungua asubuhi, ulijua zamu ya maji ni ya nani kwa kusikiliza tu.

Nimeandika hadi saa nane. Sikula. Furaha alinikuta na kalamu na sahani ya jana.

Alhamisi, tarehe 27

Kurasa ishirini na sita na niko mlango wa tatu. Siku mbili zimebaki.

Leo nimezichana nne. Kisha nimezichukua chini nikazibandika. Mwalimu wa darasa la nne alisema kweli. Soko la Jumamosi. Nimeweka urefu wa mfereji, aina tatu za mpunga, jina la mbwa wa jirani. Najua kwamba mbwa hahitajiki. Nikimtoa, mlango wote unaanguka. Sielewi wengine wanajuaje cha kuacha. Pengine hawajui. Pengine hawakioni tangu mwanzo, na hiyo ndiyo bahati yao.

Nilimwambia Furaha kwamba Jumamosi nitaumwa koo.

Hakubishana. Aliuliza jinsi shangazi yake alivyokuwa akifanya nilipokwama. Nikamweleza. Tulipokuwa wadogo, nikianza kusimulia na kupotea, Yuliana hakuniambia fupisha. Aliuliza: "Sasa uko wapi?" Nilijibu kisimani. "Unashika nini?" Nilijibu ndoo. "Basi njoo na ndoo." Nikaja na ndoo, hadithi ikaja nayo.

Furaha alikaa kwenye kiti cha pili. "Mulango ya kwanza, Papa. Anashika nini?"

Mpini wa jembe, nikasema. Jembe lenyewe lilikuwa limeazimwa na jirani.

Tumeendelea hivyo hadi jioni. Kila mlango, kitu kimoja mkononi mwa Yuliana. Vingine vyote nimeviweka katika daftari hili, havikupotea. Mbwa yumo humu.

Kurasa nne na nusu.

Ijumaa, tarehe 28

Furaha amezipiga picha akamtumia Deo kabla ya misa ya asubuhi. Hadi giza hajajibu.

Nimenyoa. Nimesoma kwa sauti chumbani mara tano. Dakika kumi na moja, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na moja, kumi na moja. Furaha alisema anaweza kusoma badala yangu. Angesoma vizuri kuliko mimi. Nimekataa na sijui kwa nini.

Nikichekwa kesho, sitaandika tena hata hapa. Naliandika hilo ili lisinidanganye baadaye.

Jumamosi, tarehe 29

Misa ilikuwa ndefu. Uani mahema mawili, viti vya plastiki, harufu ya sombe ya majani ya muhogo na nyama. Deo alikuwa mlangoni anasalimia. Alikuwa amezitoa karatasi za ndani katika vijitabu vyote hamsini. Kila mtu alipewa jalada: nje picha ya dada, ndani hakuna kitu. Watu walikuwa wanafungua, wanafunga. Mzee mmoja alikigeuza kijitabu chake juu chini.

Deo alinielekeza kwa kidevu. Karibu na mlango, nje ya hema, upande usio na kipaza sauti, palikuwa na kigoda. Kile cha Yuliana, kilichopasuka mguu na kufungwa waya.

Nilikaa pale hadi nilipoitwa.

Nilisoma. Mlango wa kwanza, mpini. Mlango wa pili, darasa la shule kule Kamanyola tulikolala baada ya kukimbia vita ya kwanza, na mkononi mwa Yuliana mfuko mweupe wa mbegu za mpunga kutoka Luberizi, ukubwa wa kichwa cha mtoto. Wiki tatu tulishinda njaa na hakuna aliyeugusa, kwa sababu aliulalia. Mbegu haziliwi, alisema, tutarudi mwezi wa kupanda. Mlango wa tatu, ghala la parokia, mfuko uleule. Mlango wa nne, chumba cha Kadutu kwenye mteremko usio na nafasi ya kupanda hata kitunguu. Mfuko uleule. Mwaka wa tatu wadudu wakauingia. Asubuhi hiyo Furaha wangu alikuwa anabatizwa. Yuliana aliuchambua mpunga juu ya ungo, akautwanga, akaupika wote. Hakulia. Padiri alikula, akasema ni mtamu ila mgumu kidogo. Yuliana akamjibu: "Padiri, huu ulikuja na miguu kutoka Luberizi."

Hapo watu walicheka.

Niliacha kusoma. Masikio yalijaa. Niliangalia safu ya pili, wa tatu kutoka kushoto. Mama mnene, kitenge cha njano. Alikuwa anacheka na anajifuta macho kwa jalada. Katekista alikuwa amekaa, mikono magotini, hakuja. Walikuwa wanamcheka padiri. Walikuwa na Yuliana pale Kadutu, mezani, mimi nikiwa nimesimama huku na karatasi.

Nikaendelea na mlango wa tano.

Si wote waliosikiliza. Mtoto alilia, simu mbili ziliita, wakwe wawili waliondoka kwenda kuangalia nyama. Mlango wa saba ni huu wa Deo, ambao dada aliuingia amebebwa, na mkononi hakushika kitu, ila kiganja kilikuwa kimefumbwa. Nilimaliza hapo. Katika kurasa zote nilisahau kutaja ubatizo wake, na katekista aliuongeza mwenyewe kwenye sala, vizuri tu.

Nilirudi kwenye kigoda. Deo aliniletea sahani pale, akachuchumaa kando yangu na tai yake. Alisema: "Ule mupunga, sikujuaka." Kisha akaniangalia nikila.

Dakika kumi na tatu. Nilisoma polepole kuliko chumbani.

Jumatano, tarehe 3 mwezi wa saba

Ngazi thelathini na tatu. Maji hayakutoka. Niliazima ndoo kwa jirani.

Saa tano alibisha mama Stefania, tuliyelala naye darasa moja kule Kamanyola. Ana miaka themanini na amepanda ngazi zote kwa fimbo. Sikumkaribisha ndani kwa sababu hakungoja kukaribishwa. Alikuja kunikosoa. Mfuko haukuwa mweupe. Ulishonwa kwa pazia la darasa, mistari ya buluu. Alikata pazia yeye mwenyewe, kwa wembe, na akaushona yeye, kwa kuwa Yuliana hakujua kushona.

Nilibisha. Miaka yote hii nimeuona mweupe. Akasema: "Mwalimu, weye ulikuwa unaangalia mbegu. Mie niliangalia mufuko."

Amesema kweli. Nimerekebisha, ukurasa wa pili, kwa wino. Alikaa hadi kahawa ikaisha akinieleza mistari ilikuwa na upana gani.

Alipoondoka nilisafisha meza. Nimefungua daftari jipya. Nimeandika jina la Maria juu, na chini yake namba moja.

Nimeanza na sufuria.